Mji Ulioandikwa Husomwa kwa Kazi, Kodi na Nauli

Waandishi wengi wakitaka kutuingiza mjini hutupandisha ghorofani wakatuonyesha taa, minara, msururu wa magari na bahari kwa mbali. Kurasa hizo hupendeza siku ya kwanza, kisha hufutika akilini, maana taa za Dar es Salaam zikitazamwa usiku kutoka juu hazina tofauti na za Lagos. Vitabu vinavyodumu, vile ambavyo mtu anaweza kuvisoma miaka hamsini baadaye akahisi vumbi la mtaa, vimeandikwa kutoka chini. Vinatuambia mhusika anafanya kazi gani, analipwa lini, analala chumba cha nani, anafika kazini kwa miguu au kwa basi, na nani ana uwezo wa kumtolea vyombo nje. Mandhari yaje baadaye.

Tazama mwandishi Mkenya Meja Mwangi alivyoijenga Nairobi ya miaka ya 1970 katika riwaya zake. Katika Going Down River Road, iliyotoka mwaka 1976, Ben na Ocholla ni watu wa mjengo. Wanajenga jumba refu liitwalo Development House, na jumba hilo ndilo linalopima muda wa riwaya nzima: kila ghorofa inapoongezeka, siku ya kuachishwa kazi inakaribia. Mjenzi anajua kuwa akiharakisha anajifukuzisha mwenyewe, na akizembea msimamizi atamfukuza leo leo. Hapo hatuhitaji hotuba yoyote kuhusu maendeleo. Nyumbani nako hali ni ileile. Ben anaanza akiishi kwa Wini. Wini anapoondoka na kumwachia mtoto, chumba nacho kinamponyoka, na mwisho anajikuta kwenye kibanda cha Ocholla kando ya mto. Watu wa Baraza la Jiji wanakuja kuchoma vibanda, wakazi wanavisimamisha upya. Kisha wake wa Ocholla wanafika kutoka mashambani na watoto, na kibanda kilichokuwa cha wanaume wawili na mtoto mmoja kinageuka boma.

Sensa ya 1969 iliikuta Nairobi na watu 509,286. Ile ya 1979 ikakuta 827,775. Takwimu hizo zinatwambia mji ulivimba kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka kumi, lakini hazisemi ongezeko hilo lililala wapi, lilikula nini, na liliamka saa ngapi kuwahi kazini. Hayo yamo kwa Mwangi. Katika The Cockroach Dance ya mwaka 1979 alipata mbinu bora zaidi. Mhusika wake, Dusman Gonzaga, amepitia kazi ya kusoma mita za maji, na baadaye yuko kwenye mita za kuegesha magari. Msoma mita ana ruhusa ya kuingia uani kwa kila mtu. Anaona nyumba ambayo maji yanamwagiliwa bustani na nyumba ambayo bomba moja linagombewa na vyumba vyote. Jioni anarudi Dacca House, barabara ya Grogan, ile inayoitwa sasa Kirinyaga, ambako bomba ni hilohilo na choo ni hichohicho. Mwandishi hakulazimika kubuni ajali wala urithi wa ghafla ili kumkutanisha mhusika wake na matabaka ya Nairobi, kwa kuwa kazi yenyewe imemkutanisha nayo.

Hii ndiyo siri ya ufundi ambayo waandishi wetu wanaoanza huipuuza zaidi. Mpe mhusika kazi inayomtembeza. Katika riwaya yake Ulysses, James Joyce wa Ireland alimfanya Leopold Bloom kuwa mtafuta matangazo ya gazeti, kwa hiyo tarehe 16 Juni 1904 Bloom ana sababu ya kuwa kila mahali Dublin: kwenye ofisi ya gazeti, maktaba, baa, mazishini. Franz Biberkopf, katika Berlin Alexanderplatz ya Alfred Döblin (1929), anatoka gereza la Tegel, anapanda tramu namba 41 kuingia mjini, na baadaye anachuuza barabarani. Na kwetu, Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alikuwa na mwanamke aliyeanza kwa kuuza vyungu vya mama yake kutoka Fumba kabla hajawa sauti ya Unguja nzima. Mchuuzi anaujua mji kwa milango yake: upi hununua, upi humfukuza, upi humkopa asimlipe.

Lakini si kila mkazi wa mji hutembea, na hapa kanuni hiyo inahitaji kubanwa. Mke aliyefungiwa ndani ana mji wake pia. Naguib Mahfouz, aliyezaliwa mtaa wa Gamaliyya jijini Cairo mwaka 1911, alilijua hilo kuliko yeyote. Katika kitabu cha kwanza cha utatu wake wa riwaya za Cairo, Bayn al-Qasrayn (1956), Amina anaujua mji kupitia vitundu vya mashrabiya, yaani dirisha la mbao zilizonakshiwa. Anaona minara, anasikia waendao kwa miguu usiku, anamngoja mumewe arudi kutoka kwenye starehe zake. Asubuhi nyumba inaamshwa na mtumishi anayekanda unga wa mkate. Ndivyo wenye nyumba wanavyojua kumekucha. Kisha siku moja mume yuko safarini na Amina anatoka kwenda kuzuru msikiti wa Hussein, hatua chache tu kutoka kwake. Anagongwa na gari, anavunjika mtulinga, na mume anaporudi na kupata habari anamfukuza nyumbani. Katika tukio hilo moja umepata umbali wa nyumba hadi msikiti, kuingia kwa magari katika vichochoro vya kale, na mamlaka ya mume katika Cairo ya mwaka 1917. Msomaji wa Lamu au Mji Mkongwe hahitaji maelezo ya ziada.

Mahfouz ana ukurasa mwingine unaofaa kufundishwa. Ni katika riwaya ya kichochoro cha Midaq, ya mwaka 1947, inayosimulia miaka ya Vita vya Pili. Mwenye mkahawa, Kirsha, anamwambia mzee mghani aliyezoea kusimulia visa kwa zeze kwamba hana kazi tena, kwa sababu mkahawa umepata redio. Huo ndio ukurasa wote. Mwandishi wa kawaida angetuandikia aya tatu kuhusu mabadiliko ya teknolojia. Yeye anatuonyesha mzee mmoja anapoteza riziki yake ya jioni. Wakati huohuo kambi ya Waingereza ya Tell el-Kebir inawavuta vijana wa kichochoro kwa mshahara ambao kinyozi hawezi kuupata kwa wembe wake. Vita havionekani popote kichochoroni, ila kila mtu anazungumza habari za fedha zake.

Rudi Nairobi, lakini miaka ishirini kabla ya Ben na Ocholla. Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye (1986) inaanza mwaka 1956, Paulina wa miaka kumi na sita akishuka kwenye treni kutoka Kisumu kumfuata mumewe Martin. Mwaka huo una uzito wake. Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau ilikuwa imetangazwa tangu 1952, na Operesheni Anvil ya Aprili 1954 ilikuwa imewasomba Wakikuyu kwa maelfu kutoka mjini. Kwa hiyo Nairobi anayoifikia Paulina ni ya misako na karatasi za ruhusa, na wageni kutoka magharibi mwa Kenya wanaingia kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Mimba inaharibika, analazwa, anaruhusiwa, na akitoka hospitali anapotea njia. Mtu asiyejua mji, asiyejua lugha zake vizuri, anauliza njia katika mji ambao kila mtu anamshuku mwenzake. Anapofika nyumbani baada ya kulala nje, mume hamwamini na anampiga. Sijui ukurasa mwingine unaoonyesha waziwazi hivyo kwamba ramani ya mji ni mamlaka: Martin anayo kichwani, Paulina hana, na kwa hilo tu anaadhibiwa. Kufikia mwisho wa riwaya, mwaka 1978, Paulina ana kazi, ana njia zake, na mji ni wake kiasi kile ambacho mshahara wake unamruhusu. Macgoye alifika Kenya mwaka 1954 na aliwahi kuendesha duka la vitabu Nairobi. Alikuwa mtu wa kaunta, na wa kaunta huona wanaonunua na wanaoshindwa kununua.

Ukiweka Going Down River Road na Coming to Birth mezani pamoja utaona jinsi kimoja kinavyofichua pengo la kingine. Kwa Mwangi wanawake wengi huonekana kwa macho ya wanaume waliolewa na kuchoka. Kwa Macgoye ulevi wa wanaume huonekana kama pesa iliyokosekana nyumbani. Yeyote anayetaka kuijua Nairobi ya kipindi hicho kwa kitabu kimoja tu ataijua nusu.

Unguja ina bahati ya kuwa na Shafi Adam Shafi. Kuli (1979) kinatupeleka bandarini, kwa Rashidi, mtoto wa kuli anayeingia kazi ileile iliyommaliza baba yake, hadi kwenye mgomo wa 1948. Mgomo huo ulikuwa wa kweli; ulianza kwa wafanyakazi wa bandari na ukaenea mji mzima, na msingi wake ulikuwa ugumu wa maisha baada ya vita. Nguvu ya riwaya ni kuonyesha kwamba mtu anayebeba shehena ya nchi nzima mgongoni hawezi kununua kipande chake. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingine wahusika husema kama wanasoma risala, na hapo bandari inageuka jukwaa.

Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, imekomaa zaidi, na kwa maoni yangu hakuna riwaya ya Kiswahili iliyouandika mji vizuri kuishinda. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, ameozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka hamsini na miwili. Anapomkimbia mume na kukataliwa na jamaa zake, mlango unaomfungukia ni wa Mwajuma, Ng'ambo. Kwa msomaji asiyeijua Unguja ya zamani ni lazima aelewe uzito wa hatua hiyo. Kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari uliofukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Upande mmoja majumba ya mawe, maduka, ofisi za serikali. Upande wa pili nyumba za udongo na makuti, na ardhi ambayo wakazi wake walitozwa kodi ya kiwanja hadi wakaigomea mwaka 1928. Yasmin anatembea dakika chache tu, lakini anahama tabaka, jamii, chakula na usiku. Ndiyo maana taarabu na ngoma za Ng'ambo katika riwaya hii hazikuwekwa kama pambo. Ni mambo ambayo binti wa dukani hakuwahi kuruhusiwa kuyafikia. Naye Denge, aliyesoma Urusi na kunyimwa kazi na serikali ya kikoloni, anatuonyesha mji wa tatu: wa vyumba vya siri, makaratasi yanayopitishwa kwa kificho na askari kanzu wanaongoja pembeni. Filamu ya Amil Shivji iliyotoka 2021 imewaleta wasomaji wapya kwenye riwaya hii. Waliotazama filamu wasiridhike nayo, kwa kuwa riwaya ina mitaa mingi zaidi.

Kuna jambo moja msomaji lazima alishike hapa: mwaka wa kisa si mwaka wa kuandika. Mwangi aliandika Nairobi ya 1976 akiwa ndani yake. Vuta N'kuvute ya Shafi, kuhusu Unguja ya ukoloni, ilitoka zaidi ya miaka thelathini baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwandishi wa pili anajua mwisho wa hadithi ya nchi, na ujuzi huo hupenya. Siasa ndani ya kitabu cha kumbukumbu huwa wazi kuliko ilivyokuwa kwa watu walioishi siku zile, ambao hawakujua nani atashinda. Kinyume chake, kitabu kilichoandikwa papo hapo ni hodari kwa bei, misemo ya mtaani na majina ya vilabu, lakini mara nyingi hakioni mji unaelekea wapi. Basi ukitaka kujua sukari ilikuwa shilingi ngapi, soma cha papo hapo; ukitaka kujua kwa nini mambo yaliishia pale, soma cha kumbukumbu.

Mfaransa Émile Zola alijaribu kuwa na vyote viwili. Le Ventre de Paris, ya mwaka 1873, inasimulia soko la Les Halles mwaka 1858, wakati utawala wa Napoleon wa Tatu ukiwa bado imara; kitabu kilipotoka ulikuwa umeshaanguka, mwaka 1870. Alikwenda sokoni saa tofauti, pamoja na usiku, akiandika daftarini. Florent, mfungwa aliyetoroka uhamishoni Cayenne, anaingia Paris alfajiri akiwa juu ya mkokoteni wa mboga, amezimia kwa njaa huku amelalia chakula. Baadaye kuna ukurasa maarufu wa jibini: wanawake watatu wanamteta Florent ndani ya duka, na kadiri fitina inavyozidi ndivyo harufu ya jibini moja baada ya nyingine inavyopanda. Zola ana tabia ya kuorodhesha bidhaa hadi msomaji anachoka, lakini hapo orodha inafanya kazi, kwa sababu inasonga pamoja na tendo. Masoko yale yalihamishiwa Rungis mwaka 1969 na mabanda ya chuma ya Victor Baltard yakaanza kubomolewa 1971. Soko lenyewe sasa ni la kusoma tu.

Katika Au Bonheur des Dames (1883), kuhusu duka kubwa la nguo, Zola ni mkali zaidi. Denise anaanza bila mshahara maalumu, anategemea kamisheni ya anachouza, na wenzake wanamnyang'anya wateja. Wauzaji wanalala vyumba vya darini palepale dukani. Msimu wa joto biashara ikidorora, wanaitwa mmoja mmoja na kuambiwa wapite kwa keshia wachukue chao. Wafanyakazi wa maduka makubwa ya Nairobi na Dubai watayatambua hayo bila mkalimani.

Kwa msomaji anayetaka kufaidi vitabu vya namna hii, kazi ni ya penseli. Kwenye karatasi tupu ya mwisho wa kitabu andika mahali, saa, fedha na njia kila vinapotajwa, pamoja na namba ya ukurasa. Ukifika ukurasa wa hamsini na upande wa fedha bado ni mtupu, tayari umejua kitu kuhusu mwandishi. Usibadilishe shilingi za zamani kuwa za leo kwa kukisia. Linganisha mshahara wa mhusika na kodi ya chumba chake ndani ya kitabu hichohicho. Mtu anayelipa nusu ya mshahara kwa chumba ni maskini katika karne yoyote. Tafuta ramani ya zama zile na ufuate nyayo. Joyce mwenyewe, akiwa Trieste, Zürich na Paris, alifanya kazi akiwa na kitabu cha anwani cha Thom cha mwaka 1904, na kwa sura moja alichora njia za watu kwa wino mwekundu juu ya ramani ya Dublin huku akihesabu dakika. Aliwahi kumwandikia shangazi yake kuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kuruka vyuma vya mbele ya nyumba namba 7 mtaa wa Eccles akashuka chini bila kuumia.

Uangalifu huo ndio unaokosekana katika riwaya nyingi za kihistoria zinazoandikwa sasa kwa Kiswahili, na makosa hujirudia yaleyale. Mhusika wa Unguja mwaka 1925 analipa shilingi, ilhali rupia ndiyo iliyotumika hadi 1936. Mkazi wa Dar es Salaam wa mwaka 1965 anapanda daladala, ambazo ni za miaka ya 1980. UDA yenyewe, shirika la mabasi ya jiji, ilizaliwa mwaka 1974. Familia ya Ilala mwaka 1985 inakaa kutazama taarifa ya habari ya kituo cha Bara, wakati Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi 1994. Mwanamke wa Nairobi ya 1955 anatembea Kenyatta Avenue, iliyokuwa bado Delamere. Kosa moja la aina hiyo humwondolea msomaji mzee imani na kitabu kizima, na ana haki. Dawa ni kuwahoji wazee kabla ya kuandika, tena kuwahoji kuhusu nauli na vipimo. Ukiwauliza kuhusu maisha kwa jumla watakupa nasaha.

Kosa kubwa zaidi ni la kimaadili. Kwa miongo mingi mji katika hadithi zetu umekuwa shimo la upotevu: binti anatoka kijijini, anafika stendi, anapotea, anarudi na maradhi au harudi kabisa. Stendi, baa na nyumba ya kulala wageni katika hadithi hizo hazina jina wala bei, kwa sababu mwandishi hakuja kuzitazama, alikuja kuonya. Sikatai kwamba mji unaumiza. Mwangi anaumiza kuliko wote hao, ila tunajua maumivu yalitoka dirisha lipi la malipo.

Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821 mwaka 1967 na 5,383,728 mwaka 2022. Mji wa ukubwa huo bado haujapata riwaya inayoufuata kutoka Mbagala hadi Kariakoo hadi Masaki kwa undani ambao Mwangi aliutumia kwa River Road. Mhusika yupo tayari: dalali wa vyumba. Asubuhi yuko Tandale anamwonyesha mwanafunzi chumba cha uani, mchana yuko Sinza na mama mjane anayepangisha, jioni Mikocheni akingoja mlinzi afungue geti. Anajua mwenye nyumba yupi anataka kodi ya miezi sita mkononi na yupi anataka ya mwaka, chumba kipi hujaa maji mvua za masika, na nani amehama usiku bila kuaga. Malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja, na wapangaji wanamkimbia nayo. Mwandishi akianza kwa daftari la dalali huyo, aandike bei za mwezi huu kama zilivyo, na jina la kila kituo cha mwendokasi na bodaboda anakopita.